Mzee Barafu na Mawe ya Tuta la Isungabula

Padre wetu, viongozi wa kata na kijiji, wahandisi mliotoka Shinyanga na Geita, majirani wa Isungabula mliokuja na Fuso mbili tangu alfajiri, mama yetu Eufrasia uliyeketi hapo mbele pamoja na wadogo zangu Wiliam na Juliana, poleni kwa msiba na asanteni kwa kutushika mkono. Karatasi hii ilikuwa isomwe na baba mdogo Edson, kwa kuwa katika ukoo wetu maisha ya mwanamume husomwa na mwanamume, na yeye alikwisha kuandika ukurasa mmoja mzuri wenye tarehe zote, lakini jana nilimwomba anipishe, akanipa karatasi pamoja na kalamu yake. Mimi ni Agnetha, mtoto wa kwanza wa marehemu, mwalimu wa hisabati huko Katoro, na niseme mapema kwamba tarehe ni za baba mdogo, yaliyobaki ni yangu, na atakayeudhika aniudhikie mimi.

Marehemu Mhandisi Cornel Masele Ngusa alizaliwa tarehe 9 Machi 1959 hapa hapa Masumbwe, enzi hizo ikiwa chini ya Wilaya ya Kahama, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Masele Ngusa na Bi Mariana, wakulima wa pamba na wafugaji, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki na wamelala hatua chache kutoka tulipo. Alichunga ng'ombe kama watoto wote wa rika lake, na kila kiangazi alitembea nao nusu siku kwenda kufukua maji kwenye mchanga wa mto uliokauka, na mwenyewe alituambia kwamba aliamua kuwa mtu wa maji siku alipomwona ndama akilamba udongo wenye unyevu hadi ulimi ukatoka damu.

Alisoma shule ya msingi hapa Masumbwe kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akaendelea na sekondari Shinyanga mwaka 1974 hadi 1977, akamaliza kidato cha sita Tabora mwaka 1980, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, na mwezi Septemba 1982 akapata ufadhili wa kwenda Urusi ya wakati ule, akajifunza lugha kwa mwaka mmoja, kisha akapelekwa Siberia, kwenye jiji la Novosibirsk, ambako alisomea uhandisi wa maji hadi Juni 1988. Utafiti wake wa mwisho ulihusu namna ya kusanifu na kujenga malambo ya udongo yanayohimili baridi kali, na naomba tusimame hapo kidogo, kwa sababu bila jambo hilo hamtamwelewa baba, kama ambavyo sisi wanawe hatukumwelewa.

Alifundishwa kwamba katika nchi zile baridi huingia ardhini kila mwaka kwa kina kinachozidi kimo cha mtu, maji yaliyo ndani ya mfinyanzi huganda, udongo huvimba na kuinuka, na joto likirudi barafu huyeyuka na kuacha nyufa ambazo mtu haoni lakini maji huzipata, kwa hiyo tuta lenye kiini cha mfinyanzi lazima livikwe koti la mchanga, changarawe na mawe magumu, nene kuliko kina kinachofikiwa na baridi, ili baridi iishie kwenye koti na kiini kisijue ni majira gani. Alifundishwa pia kwamba bonge moja la udongo ulioganda likiingia ndani ya tuta wakati wa kushindilia huonekana kama jiwe, na miezi michache baadaye huwa shimo, ndiyo maana mpaka uzeeni hakuweza kupita kwenye shamba lililolimwa bila kuinama na kupondaponda mabonge kwa vidole, hata akiwa na suti ya kanisani. Mwaka 1986, akiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, theluji ilifunga barabara na akakaa wiki sita ndani ya kibanda kimoja kando ya tuta, akipima joto la udongo asubuhi na jioni, hana pa kwenda, na alizoea kutuambia kwamba siku barabara ilipofunguliwa aliapa hatafungiwa tena mahali na kitu chochote.

Aliajiriwa mwezi Machi 1989 katika ofisi ya maji Shinyanga, na haukupita mwaka kabla mafundi hawajampa jina la Barafu, kwa kuwa jua la saa saba linawachoma wote vichwani, watu wanatafuta kivuli, yeye anasimulia jinsi mawe yanavyopasuka kwa baridi. Tarehe 21 Julai 1990 alifunga ndoa takatifu na mama yetu Eufrasia katika parokia ya hapa, na Mungu akawajalia watoto watatu, mimi mwaka 1991, Wiliam mwaka 1994 na Juliana mwaka 1997. Tulikaa Shinyanga mjini kwenye nyumba ya serikali yenye mpera uani, baba akirudi kila jioni na vumbi la kazi, akitubeba mabegani, na nawaomba muikumbuke nyumba ile, kwa sababu ndiyo ya mwisho tuliyokaa naye.

Mwezi Desemba 1997, mvua zile kubwa zilipoanza ghafla baada ya kiangazi kirefu, lambo moja la zamani, ambalo yeye hakulijenga, lilipasuka asubuhi ya tarehe 22 na kuchukua watu tisa, na baba ndiye aliyetumwa kwenda kuchunguza. Alikaa siku nne akisaidia kwanza kutafuta maiti kwenye matope, kisha akapanda kwenye kipande cha tuta kilichobaki, akakuta nyufa ambazo aliingiza mkono hadi begani, na akaandika katika taarifa yake kwamba jua la Shinyanga linaufanyia mfinyanzi mweusi wa mbuga kile kile ambacho baridi inaufanyia kule Siberia, linaupasua kutoka juu, tena kimya kimya, na dawa ya yote mawili ni moja, koti. Somo ambalo watu walimcheka nalo miaka minane likawa ndilo somo tulilolihitaji, lakini mama anasema tangu siku ile usingizi wake haukuwa tena wa mtu mzima, ulikuwa wa sungura.

Lambo la Isungabula lilianza kujengwa tarehe 10 Juni 2002 na kukamilika tarehe 28 Oktoba 2003, tuta likiwa na urefu wa mita mia nne na kumi, na hilo ndilo lambo la kwanza ambalo baba alilisanifu mwenyewe kuanzia karatasi hadi jiwe la mwisho. Changarawe nzuri ilikuwa mbali, lakini nyuma ya kijiji kulikuwa na mgodi mdogo wa mtu binafsi uliokwisha kufungwa, na kando yake kilima kizima cha mawe yaliyotupwa, haya tunayoyaita magwangala, mawe magumu, safi, hayana mwenyewe, na kwa miezi minne malori yaliyabeba na kuyapanga juu ya mfinyanzi, unene wa mita mbili. Nyumbani tunayo picha yake amesimama juu ya tuta siku hiyo, kofia ngumu kichwani, ameshika kiuno, anacheka, na sijawahi kuona picha yake nyingine anacheka hivyo. Kosa la baba liko ndani ya picha hiyo, na ni kosa ambalo lisingeweza kufanyika Siberia, wala Dodoma, lingefanyika hapa kwetu tu.

Mwezi Agosti 2008 alikwenda kukagua tuta, akamkuta hapo Ndugu Nasibu, mchimbaji kutoka Kigoma, amekuja kuteka maji ya kuoshea mchanga wake, ameshika jiwe lililofukuliwa na kwato ya ng'ombe na analigeuza juani. Walilivunja, wakalitwanga kwenye kinu cha chuma, wakaliosha kwenye karai, na mkiani mwa mchanga ukabaki mstari mwembamba wa njano. Miaka ile ya ujenzi hakuna aliyeyataka mawe yenye dhahabu haba kama ile, lakini kufikia mwaka huo makarasha, mashine za kusaga mawe, yalikwisha kufika Katoro na watu wakaanza kusaga hata yaliyotupwa, na baba akaelewa palepale kwamba amelivika tuta koti la dhahabu, kwamba habari ikitoka litavuliwa kiangazi kimoja, mfinyanzi utabaki uchi juani, utapasuka, na mvua ya kwanza itazikuta kaya zilizo bondeni, wakati huo sitini na mbili, leo mia tatu na kumi na mbili. Nasibu aliapa kutosema, na baba akaamua kutomwambia yeyote mwingine, si ofisi, kwa hoja kwamba faili halijafika meza ya pili habari itakuwa imeshafika Katoro, na si mke wake.

Kuanzia hapo historia ya baba ni fupi, kwa sababu hakwenda popote. Mwaka 2009 aliomba mwenyewe kuhamishwa kutoka mkoani kwenda wilayani, akajenga vyumba viwili kwenye ncha ya tuta, pale ambapo mlango ukifunguliwa linaonekana lote, sisi tukahamia Geita na mama, mwaka 2011 akakataa cheo kilichomtaka Dodoma, na mwaka 2014 akastaafu kwa hiari alipofikisha miaka hamsini na mitano. Alipanda majani juu ya mawe na minyaa pembeni, akagombana na kila mwenye ng'ombe, na akina mama wa Isungabula walipookota mawe ya tuta kufanya mafiga, alipita nyumba kwa nyumba na mkokoteni wa mawe ya kawaida akiwabadilishia, akidai kwamba yale ya tuta hupasuka yakipata moto, nao wakawa wanampisha jikoni huku wakizuia kicheko. Katika miaka kumi na sita hakulala nje ya vyumba vile hata mara moja, hadi ugonjwa ulipombeba. Bibi Mariana alipofariki mwezi Januari 2013, mwanawe huyu aliyempenda kuliko wote alifika hapa Masumbwe asubuhi, akamzika, akatazama mawingu upande wa magharibi, na akaondoka kabla ya chakula, jambo ambalo ukoo huu haukulisahau mpaka leo, na naona wengine mnatikisa vichwa.

Mama alidhani kuna mwanamke, na sisi tulidhani hivyo pia. Siku moja mwaka 2010 alipanda bodaboda bila taarifa, na mfuko wake na maneno yake yote ameyapanga, akamkuta baba amepiga magoti peke yake katikati ya tuta, anajaza moramu kwenye alama za kwato kwa karai, nguo zimechakaa, naye baba akageuka na kumwamkia kama mtu aliyekamatwa akiiba. Mama alikaa chini akalia, kisha akasema neno ambalo ameniruhusu nilisome, alisema, "Angekuwa mwanamke ningejua pa kuanzia." Tangu hapo alikwenda kila siku ya gulio na unga na dagaa, akafua, akarudi, na hakuuliza tena.

Mimi sikuwa na subira ya mama. Tarehe 12 Desemba 2015 nilifunga ndoa hapo Katoro, na baba hakuja, alimtuma Nasibu na mtamba wa ng'ombe pamoja na barua ya mistari mitatu kwamba mvua imeanza na maji yako juu, na baba mdogo Edson ndiye aliyenisindikiza hadi madhabahuni. Nilikaa miaka miwili bila kumsemesha. Nilikuwa nafundisha watoto wa watu kwamba kila tatizo lina njia ya kulitatua, na nyumbani nina baba aliyenipima na udongo, akachagua udongo, nami nilimchukia, nalisema hili mbele ya jeneza lake kwa sababu yeye mwenyewe alilijua.

Mwezi Machi 2023 miguu yake ilianza kuvimba, madaktari wa Geita wakagundua moyo umechoka, wakamwandikia aende Mwanza, akajibu kwamba atakwenda mvua zikiisha, zilipoisha akasema kiangazi ndicho kinachopasua, na hivyo ndivyo alivyojibu misimu minne mfululizo. Tarehe 27 Oktoba mwaka huu 2025 pumzi ilimkatika akiwa kwenye tuta, Nasibu akampakia kwenye bajaji, akamleta hospitali Geita bila kumwuliza, na kwa sababu hiyo tulipata siku kumi na nane za kuwa naye. Tarehe 2 Novemba, adhuhuri, aliniambia yote niliyowasomea, kuanzia karai hadi mafiga, akaniomba niache kazi, nikae kwenye vyumba vile viwili, kisha akaomba azikwe kwenye ncha ya tuta ili hata kaburi lake liwatishe watu. Nilihisi mlango unafungwa nyuma yangu. Nilimpenda saa ile kuliko wakati wowote, nilitaka kumwomba radhi kwa miaka yangu miwili, na wakati huo huo nilitaka kukimbia, kwa kuwa nina watoto wawili na nilijua kwamba nikisema ndiyo nao watakuja kuandika habari zangu kama ninavyoandika zake. Nilimjibu kwamba sitaliacha tuta, na sikumwambia lolote zaidi ya hapo. Alifariki dunia tarehe 14 Novemba, saa nne asubuhi, mama amemshika mkono.

Jumamosi nilikwenda Isungabula kumwona Mama Mageni, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliyeketi pale na kitenge cha bluu, nikiwa nimekwisha kuamua kumwambia yeye wa kwanza, maana siri inataka mlinzi mmoja asiyetoka, lakini jambo linalojulikana linaweza kupangiwa zamu. Nilimwamkia, nikaeleza, nikaeleza tena kwa uoga, naye akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta macho, akasema, "Ng'wanone, hilo tunalijua tangu mwaka 2011."

Ng'wanone, kwa wageni wetu, ni mwanangu. Mwaka ule figa moja lilipasuka kweli, Mama Mageni akaona kitu kinang'aa, akalipeleka kwa karasha la Katoro, akajua, na akakumbuka pia kwamba Mzee Barafu alikuwa akiwaeleza kila mwaka kwenye mkutano wa maji tuta likivuliwa koti kitatokea nini. Akawaambia akina mama wenzake, wao wakawaambia waume zao, kijiji kizima kikakaa na kukubaliana, na tangu mwaka huo kila aliyekwenda kuteka maji alipanda na moramu kidogo ya kufukia alama za kwato, wageni wenye nyundo walisindikizwa kwa upole hadi barabarani, na miaka yote hiyo baba aliamini kwamba tuta linasimama kwa mikono yake miwili. Nilimwuliza mbona hawakumwambia. Alijibu, "Tuliogopa akijua tunajua, hatalala kabisa."

Nimefundisha hisabati miaka kumi na miwili na hesabu hii imenishinda. Miaka kumi na minne mlango ulikuwa wazi, baba yetu angeweza kuja harusini, angeweza kula chakula cha msiba wa mama yake, angeweza kwenda Mwanza na kurudi, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu ya upendo, kama yeye alivyotunyamazia sisi kwa sababu ya upendo. Sina wa kumlaumu, na ninaumia. Nimesoma haya hadharani kwa ridhaa ya mkutano wa kijiji uliokaa Jumamosi jioni, ofisi ya wilaya ina taarifa, na wahandisi mlio hapa mmeahidi kuongeza tabaka la moramu, nami nitawafuata mpaka ofisini kwenu kuwakumbusha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Geita waliomvumilia mgonjwa aliyekuwa akiuliza habari za mawingu kuliko habari za dawa, wafanyakazi wenzake wa idara ya maji, jumuiya ndogondogo na kwaya, na majirani wote wa Masumbwe mliopika tangu Ijumaa. Tunamshukuru kwa namna ya pekee Ndugu Nasibu, aliyejua kwa miaka kumi na saba, akaishi kwa kuchimba mashimo ya watu, na hakuchukua jiwe hata moja, na ninamwomba asimame tumwone. Tunawashukuru pia Theonest wa Isungabula na wanakijiji wenzake kumi na wanne ambao hamwaoni hapa, maana leo asubuhi, kabla Fuso hazijaondoka Isungabula, waligawana tuta mita kwa mita, nao wako pale wakililinda sasa hivi.

Baba, ombi lako la kuzikwa kule tumelikataa. Tumekuchimbia hapa Masumbwe, ubavuni mwa Bibi Mariana, na leo ni mara ya kwanza tangu uhamie kule kwenda mazikoni bila haraka ya kurudi. Wali uko jikoni, na safari hii huondoki kabla ya chakula. Tuta lina watu, baba, zamu yako imekwisha, pumzika kwa amani.